Mama Fua na Maji ya Tatu

Kabla ya kukunja nepi yoyote, aliiweka shavuni. Hakuipitisha tu, aliiweka. Alifumba macho na kutulia, na sisi tuliokuwa tukipiga domo huko juu ya paa tukajikuta tumenyamaza pia. Kisha ama aliikunja na kuiongeza kwenye rundo, ama aliirusha tena ndani ya beseni na kuiambia, "Rudi." Aliiambia nepi, si mwenye nepi. Na nepi iliyorudishwa haikuwa na wa kuitetea.

Katika ploti yetu ya Kayole, ghorofa tano, milango sita kila ghorofa, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Fua. Najua Nairobi imejaa akina mama fua. Kila asubuhi wanakaa kwenye kona juu ya mitungi iliyopinduliwa wakingoja kazi, na ukiita "mama fua!" wanageuka kumi. Lakini kwetu ukisema Mama Fua bila kuongeza neno, hata keateka, mtunzaji wa ploti, alijua unamsema nani: yule mama mfupi wa miaka sitini na kitu, mwenye kilemba cha kahawia na gambuti za mpira za kijani, anayefua nepi.

Nitamsifu sana hapa, na sifa zote ni zake kwa haki. Lakini wacha niseme mapema, mtu asije akaniona mwema: mimi ndiye niliyemharibia jina. Mama fua hana duka wala kibandiko ukutani. Jina lake ndilo linalomtangulia kupanda ngazi na kumfungulia milango. La kwake nililiharibu asubuhi moja kwa kunyamaza tu, na ikanichukua miaka sita kwenda kulirudisha. Kwa hivyo ninapomsifu, mnisikilize mkijua hivyo.

Wenzake hawakutaka kusikia habari za nepi. Wengi wana sheria moja, nayo ni ya heshima: nguo za ndani kila mtu afue zake, na nepi wanazihesabu humo humo. Yeye aliigeuza sheria hiyo. Chupi ya mtu mzima hakuigusa kabisa. Mwanamume mmoja wa ghorofa ya tatu alimfichia za kwake katikati ya mashuka. Mama Fua alizitoa moja moja kwa kijiti, akazitundika kwenye kitasa cha mlango wa mwenyewe, upande wa nje, halafu akaendelea na mashuka kana kwamba hakuna kitu. Yule bwana alihama mwezi uliofuata, ingawa alisema ni kwa sababu ya maji.

Lakini nepi alizifuata mwenyewe. Akisikia mtoto mchanga analia ghorofa ya juu, angepanda kuuliza kama mama anazo.

"Mtu mzima anajua vile amekula," alikuwa akisema. "Mtoto hana mdomo. Matako yake ndiyo yanaongea."

Mimi nilikuwa mmoja wa waliopandiwa. Imani alipozaliwa nilikuwa na pakiti mbili za daipa, zile nepi za kutupa, nilizoletewa na wenzangu wa kiwandani, na zilikwisha kabla sijajua kumwogesha vizuri. Mama yangu akanitumia kutoka Murang'a nepi ishirini na nne za taulo, nyeupe pe, pamoja na pini zake na chupi nne za plastiki za kuvalisha juu. Jirani yangu alipoziona alicheka hadi akashika ukuta. "Nepi? Za kufua? Wee, hizo si ni za kina shosho wa zamani?" Nami nikacheka naye, halafu nikafunga mlango nikalia kidogo, kwa sababu hesabu ya daipa nilikuwa nimeshaipiga na ilikuwa imenishinda.

Siku Mama Fua alipokuja mara ya kwanza, alikuta nimeshaanza. Nilikuwa nimechemsha maji na kutumbukiza nepi zote humo pamoja na vilivyomo. Alifunua sufuria, akafunika.

"Umepika."

"Nimepika nini, Mama?"

"Mavi," akasema. "Umepika mavi, mama. Sasa yameiva, hayatoki."

Hivyo ndivyo nilivyoanza shule. Maji baridi kwanza, daima, kwa sababu moto hufunga doa ndani ya kitambaa. Kabla ya hapo, kilichomo kikwanguliwe chooni. Halafu nepi ilowekwe ndani ya ndoo yenye kifuniko, na kifuniko kifungwe, maana ndoo iliyojaa maji katika chumba chenye mtoto ni hatari hata kabla mtoto hajajua kutambaa. Sabuni iwe ya mche, si ya unga, na iwe kidogo. Wale wa kumwaga povu mpaka sakafuni aliwaambia wanafua sabuni, hawafui nguo. Marashi ya kulainisha nguo hakutaka hata kuyaona. Alisema yanaipaka nepi mafuta, ikishapakwa mafuta hainywi mkojo tena, na mtoto analala ndani ya ziwa. Jumamosi zilichemshwa, zikiwa zimeshafuliwa. Na blichi ilikuwa marufuku. "Jua lipo," alisema, na hapo mjadala ulikuwa umekwisha.

Kubwa kuliko yote lilikuwa kusuuza. Kwetu Kayole maji ya mfereji huja mara mbili kwa wiki yakiamua kuja. Siku nyingine tunanunua ya kisima yanayoletwa kwa mkokoteni, na hayo yana chumvi. Mama Fua alichovya kidole katika kila mtungi na kukionja kabla ya kuanza. Ya chumvi yalifua, ya mfereji yalisuuza. Mara tatu. Alikuwa na hesabu yake: "Maji ya kwanza yanatoa ya mtoto. Ya pili yanatoa ya sabuni. Ya tatu ni ya mama." Nilimuuliza ya mama ndiyo nini. Akaniambia nitazame ndani ya beseni. Nilipoona mpaka chini, vile vijidoa vya rangi ya beseni na vidole vyake vilivyonyooka, akasema, "Umeona? Sasa unaweza kulala. Maji ya tatu yakitoka meupe, mama analala."

Pini alizichomeka kwenye kipande cha sabuni ili ziteleze, na alipomfunga mtoto aliweka vidole vyake viwili kati ya pini na ngozi. Vidole hivyo vilikuwa na alama za kutobolewa zisizohesabika. Nepi ya msichana aliifanya nene nyuma, ya mvulana nene mbele, na ukikosea hakukuambia. Alikungoja ulowe.

Wala asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Kwa akina mama alikuwa na ulimi wa pilipili. Kwa watoto alikuwa mwingine kabisa. Alimwita kila mmoja "mzee" au "bibi yangu" na kuwaomba ruhusa kabla ya kuwageuza. Alisema yeye si mtu wa umbea, nami kila nilichojua kuhusu ploti ile kilitoka kwake, kati ya maji ya kwanza na ya pili. Nguo za wengine zilitoka mikononi mwake ziking'aa, lakini kitenge chake mwenyewe kilikuwa na doa la mafuta pajani mwaka mzima. Nilipomtania juu yake alisema hilo ni ramani, akipotea litamwonyesha nyumbani.

Na daipa, alizozikejeli kila siku ya Mungu, nilimkuta nayo moja mkobani, imekunjwa ndani ya karatasi.

"Mama! Wewe?"

"Ya safari," akasema bila haya. "Mtu akienda shagz, kijijini, na mtoto, masaa nane, atafulia wapi? Kwa dirisha? Usikuwe mjinga juu ya nepi." Alimpa mama mmoja wa ghorofa ya chini aliyekuwa anasafiri jioni ile.

Jambo jingine lilikuwa la saa kumi na moja jioni. Popote alipokuwa, alipanda paa na kuanua nguo za watoto, hata za watoto ambao hakuwafulia, akazikunja na kuziacha milangoni. "Nguo ya mtoto hailali nje." Ukimuuliza sababu, Jumatatu ilikuwa ni umande, Jumatano ni ndege, Ijumaa ni watu wenye macho mabaya. Nilishaacha kuuliza. Nilizoea tu kufungua mlango jioni na kukuta rundo lenye joto la jua, nikaliweka shavuni kama yeye, na nakiri kwamba wakati mwingine hilo ndilo jambo zuri pekee lililonipata kutwa nzima.

Ushahidi wa kwamba hakuwa mfuaji tu ulitokea ghorofa ya nne. Kulikuwa na mama kijana, mtoto wake wa miezi miwili. Mama Fua alifika asubuhi, akafunua ndoo, akahesabu.

"Ziko wapi nyingine?"

"Ndizo hizo, Mama. Tatu. Jana hakunisumbua, alilala tu."

"Tatu tangu jana?" Aliinua moja, akaikamua. Haikutoa kitu. "Huyu mtoto hakojoi. Vaa viatu." Yule msichana akaanza kutafuta kanga na kujieleza, na Mama Fua akambeba mtoto yeye mwenyewe akashuka naye ngazi na gambuti zake hadi zahanati. Walimtia maji kwa mshipa siku hiyo hiyo. Wauguzi walisema mtoto angecheleweshwa mpaka jioni yangekuwa mengine. Yule mtoto leo anacheza mpira na kuvunja madirisha, na ningependa watu wanaofidia madirisha hayo wajue ni nani wa kulaumiwa.

Huyo ndiye mtu niliyemkosea.

Imani alikuwa na miezi mitatu kasoro wakati mama mkwe alipokuja kutoka Vihiga kumwona. Likizo yangu ilikuwa imebaki wiki mbili, kisha nirudi kiwandani kufungasha mishumaa. Mama mkwe si mtu mbaya. Ni mtu aliyelea watoto wanane na hakuona kwa nini asilee wa tisa. Jioni ya kwanza tu, akiwa na Imani mapajani, alisema, "Nitaona vile mtoto anakaa. Asipokaa vizuri, nyanya yake, kukhu, ataenda na yeye nyumbani. Huko kuna maziwa na kuna watu." Nilimtazama Baba Imani. Baba Imani alitazama chai yake. "Mama anajua watoto," akasema.

Tangu hapo sikulala. Nilikuwa nafanya mtihani, na msimamizi alikuwa analala kwenye kochi langu.

Siku ya pili akainua nepi moja kwenye mwanga. Ilikuwa safi, ila ilikuwa na kile kivuli cha manjano ambacho Mama Fua alisema jua litakimaliza kwa wakati wake. "Mbona hizi zina rangi ya chai? Mtoto wa mwanangu anavaa madoa?"

Alhamisi akaenda Pumwani kumsalimia dada yake. Mama Fua haikuwa siku yake. Nikashuka dukani nikanunua chupa ya blichi, nikaimimina kwa jicho, nikaloweka nepi kumi na mbili tangu asubuhi mpaka saa nane. Maji ya mfereji yaliyokuwa kwenye pipa nilikuwa nimeyamalizia chai na kuoga kwa mgeni. Nikasuuza kwa ya chumvi. Mara moja. Nilijua ninachofanya, msiniambie sikujua. Nilisuuza mara moja nikiwa nimeinua uso pembeni ili harufu isinipate machoni.

Zilikauka nyeupe kuliko zilivyotoka Murang'a. Mama mkwe aliporudi akaliona rundo. "Sasa hizi ndizo nepi," akasema. Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa darasani.

Ijumaa jioni Imani alianza kulia akifungwa. Jumamosi asubuhi mama mkwe alifungua nepi, na ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka, pahali pengine imetoka. Sitaki kuieleza zaidi. Mtoto alikuwa analia bila sauti.

"Nani anafua hizi?"

Mama Fua alikuwa mlangoni, amefika kwa kazi ya Jumamosi, anavua gambuti. Aliingia, akamtazama mtoto, akaokota nepi moja kwenye rundo na kuiweka shavuni. Aliiondoa upesi. Akainusa. Kisha akanitazama mimi. Halafu akatazama mkoba wa mama mkwe, ambao ulikuwa umeshafungwa na kusimamishwa kando ya mlango, na juu yake blanketi la Imani limekunjwa vizuri.

"Ni mimi, kukhu," akasema. "Sikusuuza vizuri."

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Naukumbuka ulivyokuwa wazi. Sikusema kitu.

Mama mkwe alisema vya kutosha. "Mama mzima kama wewe! Unachoma mtoto wa watu!" Mama Fua alivaa gambuti zake polepole, mguu mmoja kisha mwingine, akiwa ameshikilia fremu ya mlango. Mama mkwe alimfuata ngazini na kuanza kugonga. Mlango kwa mlango, ghorofa kwa ghorofa, akiwaonyesha akina mama nepi mkononi na kuwaambia kwamba mfuaji wenu huyu anaua watoto kwa dawa. Nilimsikia kuanzia ghorofa yetu mpaka chini kabisa. Kabla ya saa sita hakuna aliyemtaka.

Na mimi? Mimi nilitoka salama. Mama mkwe alirudi akihema, akanifundisha kuosha mtoto kwa maji ya vuguvugu, kumwacha wazi hewani, kumpaka mafuta. Baada ya siku nne ngozi ilianza kufunga. Alimwambia mwanawe kwa simu, nikisikia, "Huyu msichana hana makosa, alidanganywa na mfuaji." Akaliondoa blanketi juu ya mkoba, akarudi Vihiga bila mtoto.

Kwa miaka nilijiambia kwamba Mama Fua hakujua. Kwamba alidhani kweli amekosea. Ni uongo wa kijinga; mtu anayeonja maji kwa kidole atakosaje kujua blichi? Lakini uongo huo ulinifaa. Alikaa kwenye kona kwa wiki kadhaa na mtungi wake, na hakuitwa. Mimi nikaanza kutumia lango la nyuma. Halafu nikasikia anafua vitambaa vya viti vya magari pale Spine Road, na mafuta ya injini ndani yake. Siku moja nilimwona kutoka ng'ambo, amepiga magoti juu ya kitambaa cheusi, anasugua kwa burashi. Hakukuwa na chochote pale cha kuweka shavuni. Nikageuka nikapita njia nyingine. Baadaye hakuonekana kabisa.

Kilichonisukuma si ujasiri. Ni mimba ya pili. Nilitoa zile nepi kwenye sanduku, zile zile ishirini na nne, nikazifua, na nilipozianua nikaweka moja shavuni bila kufikiri. Nikakaa chini pale juu ya paa na tumbo langu la miezi saba. Nilijua siwezi kumfunga mtoto mwingine nepi hizi na lile jambo likiwa humo ndani.

Akina mama wa kona waliniambia yuko mtaa wa Kaloleni kwa binti yake. Jumapili nikamshika Imani mkono, nikabeba nepi kwenye mfuko, nikaenda. Nilimkuta nje ya nyumba, kwenye kigoda karibu na mfereji, kilemba kile kile. Vidole vilikuwa vimevimba viungoni na kujikunja. Alinitambua kabla sijamsalimia, lakini aliyemtazama ni Imani.

"Bibi yangu," akamwambia, "matako yalipona?"

Imani, aliye na miaka sita na heshima zake, alijificha nyuma yangu. Mama Fua alicheka mpaka akakohoa.

Nilikuwa nimejitayarishia hotuba. Iliniishia yote. Nikasema tu, "Mama, ilikuwa blichi. Ni mimi niliyeitia."

"Kwani blichi haina harufu?"

"Ulijua."

"Nilijua ndani ya mlango, hata kabla sijaishika."

"Basi mbona ukasema ni wewe?"

Alinitazama kama siku ile ya sufuria. "Si uliona ule mkoba? Blanketi lilikuwa juu. Ningesema ni wewe, huyu angelala wapi siku hiyo? Kwa basi. Na kidonda." Akageuza uso upande wa mfereji. "Nilifikiri utasema baadaye. Akishaenda. Nilikaa pale kwa kona nikikungoja."

Nililia. Hakunizuia, wala hakuniambia si kitu. Nilimpenda kwa hilo, maana angeniambia yamepita, ningeamini na kurudi nyumbani nikiwa vile vile. Alingoja nikamaliza.

"Nisamehe, Mama. Nitawaambia wote."

"Utawaambia lini?"

"Nikirudi."

"Uanze na yeye," akasema. "Uko na simu?"

Nikapiga nikiwa nimesimama pale, sauti ikiwa wazi ili asikie. Mama mkwe aliitika kwa furaha, akauliza tumbo, akauliza Imani. Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, chupa, maji ya chumvi, mara moja.

"Uko na huyo mama hapo?" akauliza.

"Ananisikia."

"Mama," akasema mama mkwe, na sauti yake ilikuwa imezeeka ghafla. "Nilikutukana bure."

"Ulinitukana mlango kwa mlango," akasema Mama Fua.

"Ni kweli. Nisamehe."

Mama Fua aliisogelea simu. "Nimesikia," akajibu. Halafu, kwa sauti ya kazi, "Hii mtoto ya pili ikizaliwa, kukhu, ukuje uone. Lakini mkoba uuwache kwako."

Kulikuwa na mlio huko Vihiga ambao nadhani ulikuwa kicheko.

Niliporudisha simu mfukoni alikuwa ameshautazama mfuko wangu. "Na hiyo ni nini?" Nikatoa nepi ya juu, nikampa. Hakuweza kuikunjua, vidole vilikataa, nikamkunjulia. Aliiweka shavuni, akafumba macho. Imani alitoka nyuma yangu kutazama.

"Rudi," akasema Mama Fua.

"Mama, nimezisuuza mara mbili!"

"Ndiyo nasema. Beseni liko nyuma ya mlango."

Kwa hivyo nikapiga magoti, tumbo na yote, kwenye saruji ya Kaloleni, nikafungua mfereji. Nilisuuza zote ishirini na nne huku ameketi kwenye kigoda chake kando yangu akisema "kamua," "geuza," "usiinyonge hivyo, si kuku." Maji yalipobadilishwa alichovya kidole chake kilichojikunja akaonja, akatikisa kichwa, nikamwaga. Nikaweka mengine. Yalipotulia niliinama nikatazama, na niliona mpaka chini, rangi ya beseni na vidole vyangu.

Jirani mmoja alipita na kapu lake akasimama, akashangaa. "Haiya, leo umepata wa kukufulia? Huyu ni nani?"

Mama Fua hakuharakisha. Alitazama maji, akanitazama mimi.

"Ni mama fua wangu," akasema. "Bado anajifunza, lakini ni mzuri."